Seva Bandia, Gharama Halisi

Shule ya sekondari ya Bunia inapotaka programu ya kulipia minervali, yaani ada ya shule, kwa simu, prefe, mkuu wa shule, haulizi seva itaandikwa kwa lugha gani. Anataka kuona mzazi atabonyeza wapi, risiti itatokaje, na mwanafunzi ambaye bado anadaiwa ataonekana vipi kwenye orodha. Tena anataka kuyaona hayo kabla hajatoa avansi. Wakati huo msanidi wa mtaa wa Saio ana sura ya programu iliyo tayari, na seva ambayo bado ni mchoro kwenye daftari. Akisubiri seva ikamilike, kazi itakwenda kwa mwingine. Akionyesha skrini tupu, ataambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ya Bunia kila mtu anaujua urefu wake.

Ndipo inapoingia seva bandia: programu ndogo inayopokea maombi na kuyajibu kana kwamba nyuma yake kuna hifadhidata, mhasibu na mtambo wa malipo. Wanaotengeneza upande wa mbele wa programu huitumia kwa mambo mawili, kumwonyesha mteja kazi na kuijaribu kazi yenyewe kila wanapobadilisha kitu. Zana zipo tele, na karibu zote zina mlango wa bure, ndiyo maana wengi huchukua ya kwanza waliyoiona kwenye video.

Bei iliyoandikwa kwenye tovuti ni sehemu ndogo tu ya gharama. Saio unalipa kwa mega, kwa saa za umeme, na kwa kadi ya benki ambayo si kila mtu anayo. Halafu unalipa tena, na safari hii kwa uchungu zaidi, siku uongo wa seva bandia unapokutana na M-Pesa ya kweli. Nimezipima zana hizi kwa gharama hizo na kuuacha umaarufu pembeni.

Bure inayokula mega

JSONPlaceholder ndiyo karibu kila anayejifunza kwa video hukutana nayo kwanza. Hujiandikishi, hutoi kadi. Unaandika anwani tu, na unapata machapisho 100, maoni 500, picha 5,000, kazi za kufanya 200 na watumiaji 10. Kwa kujifunza namna ukurasa unavyoomba data, inatosha kabisa. Kwa prefe haifai hata kidogo. Mtumiaji wa kwanza anaitwa Leanne Graham wa mji wa Gwenborough, machapisho ni Kilatini kisicho na maana, na ukituma chapisho jipya seva inakushukuru, inalipatia namba 101, kisha hailihifadhi popote. Ukilitafuta, halipo. Hilo halijafichwa, limeelezwa wazi kwenye tovuti yenyewe, ila mwanafunzi anayewahi onyesho hasomi hadi huko.

Gharama yake iko kwenye kifurushi chako. Chukua skrini moja ya kawaida inayotuma maombi 6 inapofunguka, kila jibu likiwa na kilobaiti 25. Hiyo ni kilobaiti 150 kwa kila mfunguo. Anayetengeneza sura ya programu huhifadhi faili na ukurasa ukajifungua upya mara nyingi sana kwa siku, tuseme 300. Tayari ni megabaiti 45 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi unakaribia gigabaiti moja kwa mwezi. Gigabaiti nzima ya data ya uongo, iliyotoka ng'ambo ya bahari, ili ikuambie kwamba mwanafunzi wa pili anaitwa vilevile kama jana. Kubanwa kwa data kunapunguza kiasi hicho, lakini hakuondoi upuuzi wenyewe.

Daraja la pili ni huduma zinazokuruhusu kuweka majibu yako mwenyewe kwenye seva zao. Postman ina kipengele hicho, na kwa miaka mingi mpango wake wa bure umekuwa na kikomo cha maombi 1,000 kwa mwezi. Beeceptor ya bure husimama kwenye maombi 50 kwa siku. Rudi kwenye skrini yetu ya maombi 6: Postman inakupa mifunguo 166 kwa mwezi mzima, yaani chini ya siku moja ya kazi, na Beeceptor inakupa mifunguo 8 kwa siku. Wa tisa unakatikia njiani. Fikiria ukatike mbele ya kamati ya wazazi.

Ukitaka kuvuka kikomo, mipango ya kulipia ya huduma za aina hii huanzia karibu dola 10 hadi 20 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na hulipwa kwa kadi. Equity BCDC na Rawbank hutoa kadi, kwa hiyo mlango haujafungwa, ila ongeza makato ya benki na usumbufu wa kusitisha usajili usioutaka tena. Kwa kijana ambaye bado hajapewa avansi, dola 15 kila mwezi ni pesa ya kula.

Hata hivyo kuna hali moja ambapo ningelipa bila kulalamika. Ikiwa mteja ni shirika lenye ofisi Kinshasa, mchoraji wa skrini yuko Kampala na wewe uko Saio, seva bandia iliyoko mtandaoni inawafanya nyote watatu muone majibu yaleyale. Hapo unalipia maelewano, na maelewano yana thamani. Lakini usiweke humo hata jina moja la mwanafunzi wa kweli. Anwani nyingi za bure ziko wazi kwa yeyote anayezijua, na tangu Machi 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, inayolinda data za watu binafsi.

Za mashine yako mwenyewe

Umeme wa kituo cha Budana haufiki kila nyumba, na unapofika haukai. Ndiyo sababu zana inayofungwa mara moja kwenye kompyuta na kufanya kazi bila mtandao inashinda mjini hapa hata kabla hatujazungumzia ubora wake. Unaipakua siku una kifurushi kizuri, au unaipata kwa ufunguo wa USB kutoka kwa mwenzako wa Université Shalom au wa UNIBU, na baada ya hapo gharama yake ni betri tu.

Rahisi kuliko zote ni json-server. Unaandika faili moja, db.json, yenye wanafunzi, madarasa na malipo, unawasha, na tayari una seva inayosoma, kuongeza, kubadilisha na kufuta. Tofauti yake na JSONPlaceholder, ingawa zote mbili ni kazi ya mtu mmoja anayejiita typicode, ni kwamba hii inahifadhi kweli. Ukimsajili mwanafunzi kwenye onyesho, unafungua db.json na unamkuta ameandikwa humo. Kikundi cha wanafunzi wanaofanya kazi ya mwisho wa mwaka hakihitaji zaidi ya hapo. Angalieni toleo tu: 0.17 ina leseni ya MIT na inakuruhusu kuchelewesha majibu kwa makusudi, na toleo la 1 limeondoa uwezo huo wa kuchelewesha na kubadilisha leseni. Mimi ningebaki na 0.17 bila aibu.

Mockoon, iliyoanzishwa na Guillaume Monnet mwaka 2017, ni ya wale wasiopenda kuishi kwenye terminali. Ina madirisha na vitufe. Unaongeza njia, unaandika jibu, unaweka ucheleweshaji kwa milisekunde, unaweka majibu manne kwa ombi moja na kuiambia itoe moja kwa bahati nasibu. Ni nzito zaidi kupakua kuliko json-server, lakini inapakuliwa mara moja. Programu ya mezani ni bure na msimbo wake uko wazi. Wanachouza ni huduma ya mtandaoni, ambayo msanidi wa Saio anaweza kuiacha dukani. Kwa anayetengeneza kwa Flutter, hii ndiyo ningeinunua kama ingekuwa inauzwa, maana haijali programu yako imeandikwa kwa lugha gani.

WireMock ni babu wa ukoo. Tom Akehurst aliianza mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa Java, na hadi leo inahitaji Java kwenye mashine. Uwezo wake ni mkubwa: inaweza hata kukata mawasiliano katikati ya jibu, kama mtandao wetu unavyofanya wenyewe bila kuombwa. Ukiwa tayari una Java, ichukue. Usipakue Java kwa ajili yake.

Halafu iko Mock Service Worker, ambayo wengi huiita MSW kwa kifupi. Hii si seva kabisa. Ni kipande cha msimbo ambacho kivinjari hukiweka kati ya ukurasa na mtandao. Ukurasa unatuma ombi, kipande kile kinalidaka kabla halijatoka kwenye kifaa na kulijibu. Uzuri wake kwa mfuko ni wa namna mbili. Kwanza, majibu uliyoyaandika kwa onyesho ndiyo hayohayo unayoyatumia kwenye majaribio, kwa sababu zana hiyohiyo inafanya kazi ndani ya Node. Kazi unaiandika mara moja. Pili, unaweza kupandisha programu yako, pamoja na majibu yake ya uongo, kwenye huduma ya bure ya kurasa kama Netlify au GitHub Pages, ukamtumia prefe kiungo kwa WhatsApp. Anakifungua kwa mega zake mara moja, na kuanzia hapo kila jibu linatoka ndani ya simu yake mwenyewe. Hakuna seva ya kulipia wala ya kulala. Kasoro ni kwamba data inakaa kwenye kumbukumbu ya ukurasa: akifungua upya, mwanafunzi aliyemsajili ametoweka, isipokuwa umeandika msimbo wa ziada wa kumhifadhi.

Onyesho kwenye simu, na mtego wake

Wateja wa Bunia hawataki kuona programu kwenye kompyuta. Wazazi wana simu, kwa hiyo prefe anataka simu. Njia isiyogharimu kitu ni hii: unawasha hotspoti kwenye simu moja, kompyuta inajiunga nayo, na simu ya onyesho inajiunga pia. Wengi hawajui kwamba hotspoti haihitaji mega ili vifaa viwili vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe. Simu isiyo hata na faranga moja inatosha kuwa mtandao wa onyesho zima.

Kwa json-server na Mockoon mambo yanakwenda. Unaiambia seva isikilize anwani zote, siyo ya mashine yenyewe peke yake; unairuhusu Windows pale inapouliza kuhusu mtandao wa faragha, la sivyo ukuta wake wa moto utanyamaza na kukuzuia; na kwenye simu unaandika anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.43.20, ikifuatwa na namba ya mlango. Kama programu ni ya Android yenyewe na haifunguki kwa kivinjari, kumbuka kwamba tangu Android 9 mfumo unakataa mawasiliano ya HTTP yasiyofichwa mpaka umeyaruhusu kwenye mipangilio ya programu. Na ndani ya simu ya kuigiza iliyoko kwenye kompyuta, anwani ya kompyuta ni 10.0.2.2, kwani localhost hapo ni ile simu ya kuigiza yenyewe.

MSW ndiyo inayowaumbua watu. Kwenye kompyuta kila kitu kinang'aa. Kwenye simu ukurasa unafunguka, rangi zipo, vichwa vya habari vipo, na orodha ya wanafunzi ni tupu. Hakuna kosa lolote la kuonekana kwa macho. Sababu ni kanuni ya vivinjari vyenyewe: kipande kile cha kati kinaruhusiwa tu kwenye anwani ya HTTPS au kwenye localhost. Anwani ya 192.168 yenye HTTP haimo katika hizo mbili, kwa hiyo kivinjari cha simu hakikiwashi, na maombi yanakwenda kuitafuta seva ambayo haipo. Ukiwa na waya wa USB tiba ni amri moja. Unawasha hali ya msanidi kwenye simu yako ya Android, unaichomeka, na kwenye terminali unaandika:

adb reverse tcp:5173 tcp:5173

Ile 5173 ni mlango wa kawaida wa Vite. Weka wako kama ni mwingine. Baada ya hapo simu ikifungua localhost:5173 inafika kwenye kompyuta kupitia waya, kivinjari kinaridhika kwamba hiyo ni localhost, na orodha inajaa. Waya mzuri ni sehemu ya gharama za onyesho kama vile usafiri wa pikipiki. Ule wa kuchaji peke yake hautafaa, kwa hiyo ujaribu nyumbani.

Pale inapouma: malipo

Ningekuwa na siku tatu za kutengeneza seva bandia, mbili ningezitumia hapa. Seva bandia ya wavivu inafanya hivi: mzazi anabonyeza Lipa, nusu sekunde inapita, skrini inaandika kwa Kifaransa kwamba malipo yamefaulu. Prefe anafurahi, avansi inatoka, na msanidi amejifunga kwa programu ambayo haijawahi kuona malipo yalivyo.

Malipo ya simu hayajibu hivyo. Programu inapotuma ombi kwa M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money au Orange Money, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Kisha simu ya mzazi inatoa ujumbe wa kuomba namba ya siri. Mzazi anaweza kuiandika, kuikosea, kukataa, au kuwa ameiacha simu inachajiwa kwa jirani. Matokeo yanarudi baadaye kwa njia nyingine, seva yao ikiipigia seva yako, na wakati mwingine mrejesho uleule unaweza kufika mara mbili. Katikati ya hayo mzazi ameona skrini imeganda, akabonyeza Lipa tena.

Seva bandia inayostahili jina lake inaigiza hayo yote. MSW inaweza kuambiwa ichelewe bila mwisho, jibu lisirudi kabisa, ili uone kama kitufe cha Lipa kinajizima baada ya mbonyezo wa kwanza. Mockoon kwa bahati nasibu inakutolea mara hii kufaulu, mara ile salio halitoshi, mara nyingine kimya. Hakuna hata moja kati ya hizi inayodai pesa. Zinadai uvumilivu wa kuandika majibu mabaya kwa uangalifu uleule wa majibu mazuri, na watu wengi hawana uvumilivu huo kwa sababu majibu mabaya hayapendezi kwenye onyesho. Mimi nina maoni tofauti: mwonyeshe prefe malipo yanayoshindikana. Ndilo swali la kwanza wazazi watakalomwuliza.

Kampuni za simu zenyewe zina mazingira ya majaribio, na ni bure kujiandikisha. Vodacom ina lango lake la M-Pesa kwa wasanidi, Airtel Africa inalo lake, na ng'ambo ya Ziwa Albert, MTN ya Uganda inatumia la MoMo. Kenya wana Daraja la Safaricom, ambalo namba yake ya majaribio, 174379, imenakiliwa kwenye mafunzo mengi kiasi kwamba wasanidi wanaikumbuka kuliko namba za ndugu zao. Lakini mazingira hayo si mbadala wa seva bandia. Yanahitaji mtandao kila mara, na ili mrejesho ukufikie lazima kompyuta yako iwe na anwani ya wazi, kwa hiyo unaongeza huduma ya kupitisha njia kama ngrok. Pia yana vituko vyake: ya MoMo yanataka kiasi kiandikwe kwa yuro, sarafu ambayo hakuna muuza mchele wa Bunia anayeipokea. Yatumie mwishoni, kuhakiki kwamba umbo la maombi yako linakubalika. Usiyabebe kwenda nayo ofisini kwa prefe.

Sarafu nayo inastahili neno. Ada nyingi hupangwa kwa dola na kulipwa kwa faranga kwa kiwango cha siku hiyo. Data ya uongo iliyoandikwa kiasi 50 bila kutaja sarafu itapendeza kwenye skrini, mpaka siku dola 50 zinapogeuka faranga zaidi ya laki moja na kile kisanduku kilichopangwa kwa tarakimu mbili kupasuka pembeni. Weka sarafu na kiwango kwenye kila malipo tangu siku ya kwanza. Saa pia: Bunia iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Kampala. Malipo ya saa tano na nusu usiku Kinshasa, hapa tayari ni siku mpya, na ikiwa ni tarehe ya mwisho ya mwezi, ripoti ya mhasibu na ya benki zitatofautiana. Jaribio moja lenye tarehe hiyo linaokoa mabishano ya miezi.

Na majina. Mkongomani ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo. Fomu yenye visanduku viwili imeshamkosea adabu. Tena katika jimbo letu la Ituri jina la mtu humfanya asomwe ametoka wapi, na orodha ya wanafunzi kumi wote wa upande mmoja haitachukuliwa kuwa data ya mfano. Changanya, au andika Mwanafunzi A na Mwanafunzi B. Zana zinazotunga majina zenyewe hazijui lolote kuhusu hili.

Kwa nini usiweke tu seva ya kweli?

Swali la haki, hasa kwa mtu anayejua kuandika seva. Mashine ndogo kuliko zote ya DigitalOcean ni dola 4 kwa mwezi, 48 kwa mwaka. Heroku iliyowalea wengi iliondoa mpango wake wa bure Novemba 2022. Render bado ina wa bure, lakini seva yake inalala baada ya dakika 15 bila kuguswa, na kuamka kwake kunaweza kuchukua karibu dakika nzima. Dakika nzima ya kimya ofisini kwa mtu ni ndefu. Atakuwa ameshachukua simu yake na kuanza kujibu ujumbe.

Dola 4 si nyingi. Kinachogharimu ni wiki za kuandika seva kwa mteja ambaye bado hajakubali hata mpangilio wa skrini. Prefe akisema hataki orodha kwa darasa, anataka kwa familia, kwenye seva bandia unabadilisha faili moja jioni ileile. Kwenye seva ya kweli unabomoa hifadhidata. Seva ya kweli ianze avansi ikishaingia. Leseni ya Starlink iliyotolewa nchini Mei 2025 imepunguza shida ya mtandao kwa ofisi zinazoweza kuchangia mtambo, ila haijabadilisha mpangilio huo wa kazi.

Kwa upande wa majaribio ya kujiendesha, tahadhari moja tu ya mega. Cypress na Playwright zote zinadaka maombi na kuyajibu zenyewe, kwa hiyo hazikudai seva bandia nyingine, lakini zinapakua vivinjari vyao vyenye mamia ya megabaiti. Playwright inaweza kuambiwa itumie Chrome iliyopo tayari kwenye mashine, na hapo unaokoa karibu upakuaji wote. Kwa kifurushi cha Saio, hiyo peke yake inanifanya niichague.

Kwa kazi ya kivinjari ningefunga MSW na waya wa USB. Kwa Flutter, Mockoon na hotspoti. Kwa wanafunzi, json-server kwenye ufunguo wa USB. Jumla ya malipo kwa kampuni za nje: sifuri. Mega: za upakuaji wa mara moja.

Kwa prefe anayelipa

Onyesho la seva bandia si udanganyifu, mradi umeambiwa. Msanidi mwaminifu atasema mwanzoni kabisa kwamba wanafunzi hawa ni wa mfano na malipo haya hayatoki popote. Asiposema, una namna ya kujua mwenyewe. Mwambie aweke simu kwenye hali ya ndege na uendelee kubonyeza. Programu ikijibu malipo bila mtandao wowote, majibu yanatoka ndani ya simu. Msajili mwanafunzi, kisha mtafute kwenye simu nyingine. Asipoonekana, hakuna kilichohifadhiwa bado, na avansi yako ni ya kununua kazi inayokuja, si iliyokwisha. Hilo si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kugawa malipo: kiasi kidogo kwa skrini ulizoziona, kikubwa siku malipo ya faranga 500 kutoka simu yako mwenyewe yatakapoonekana kwenye daftari la mhasibu.

Siku ya kukabidhiwa, fungua anwani ya programu kwenye kivinjari na uongeze /mockServiceWorker.js mwishoni. Yakitokea maandishi ya msimbo, kile kipande cha kujibu uongo bado kimo ndani ya programu. Huenda kimezimwa na hakina madhara, lakini mwombe msanidi akitoe mbele yako, kisha rudia yale malipo ya faranga 500.